Bilonda wa Tele-Kyulu

Bilonda alikuwa mwalimu katika shule ya kampuni, mtaa wa Dilala, siku alipoitwa kujaribiwa sauti. Ilikuwa mwaka 1984. Kampuni ya mgodi ilikuwa imeamua kuwapa wafanyakazi wake televisheni yao wenyewe, kwa sababu ile ya Kinshasa ilifika mji wao wa Kolwezi ikiwa imechoka: picha inaruka, sauti inakoroma, na maneno yake mengi ni Kilingala na Kifaransa, lugha ambazo wachimbaji hawakuzitumia nyumbani. Wakatafuta nyumba iliyokuwa ya mhandisi mmoja Mbelgiji, yenye vyumba vitano na banda la gari, pembeni ya kichuguu kikubwa ambacho tingatinga lilishindwa kukisawazisha. Kichuguu cha namna ile watu wa kule hukiita kyulu. Ndiyo maana kituo kikaitwa Tele-Kyulu, ingawa kwenye barua kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Walimpa karatasi ya kanuni za kuvaa kofia ya chuma. Akaisoma polepole, kama anavyowasomea watoto wenye kamasi. Nyuma ya kamera alisimama kijana mrefu aitwaye Mukalay, mtu wa upande wa Manono, aliyejifunza umeme kwa kuvunja na kuunga redio za watu. Mukalay alivua vipokea sauti vya masikioni, akawaambia wakubwa waliokuwa wanapanga kusikiliza wanawake wengine sita:

"Bale bengine barudie nyumbani. Ni huyu."

Tangu siku hiyo Bilonda akawa uso wa Tele-Kyulu. Kituo kilifunguliwa saa kumi jioni, kikafungwa saa mbili usiku. Jumatatu ilikuwa zamu ya usalama kazini, kipindi ambacho hakuna aliyekipenda na kila mtu alikitazama, kwa kuwa huenda ukamwona shemeji yako amesimama karibu na kreni. Jumatano watoto waliimba. Alhamisi mama mmoja alipika mboga za matembele mbele ya kamera, na barua za kumsahihisha zikaja gunia zima. Jumamosi mpira. Jumapili kwaya, wiki hii Wakatoliki, wiki ijayo Waprotestanti, na ugomvi wa nani amepewa dakika nyingi haukuisha mpaka kituo chenyewe kilipokufa.

Lakini kila siku, hata Jumapili na sikukuu, saa kumi na mbili na nusu, kulikuwa na Matangazo ya Familia. Hapo Bilonda alisoma ndoa, vitambulisho vilivyopotea, mbuzi waliookotwa, na vifo. Hasa vifo. Nyumba yenye televisheni ilikusanya majirani hata madirishani, na wakati wa Matangazo hakuna aliyekohoa. Watoto barabarani walimwita Mama Matangazo. Wazee wa kambi ya wafanyakazi walipougua walitaniana kwamba wakifa hawataki asome mwingine.

Alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai akiwa kijana, na akazikwa hapo hapo, kwenye makaburi ya wafanyakazi. Kiluba cha Kasai Bilonda alikielewa kama mtu anavyosikia mazungumzo ya chumba cha pili. Mumewe, Kankolongo, fundi wa mashine katika karakana kuu, alikizungumza vizuri zaidi, lakini nyumbani kwao na kwa binti yao Elise lugha ilikuwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Mambo yaliharibika polepole, kama nyumba inayovuja. Mwaka wa 1990 paa la mgodi mkubwa wa chini liliporomoka, na shaba ikaanza kutoka kidogo kidogo. Mgao wa unga ukachelewa, kisha ukawa nusu, kisha ukawa hadithi. Mwaka uliofuata askari waliasi wakaiba mji mzima, na hata Tele-Kyulu walipita. Walichukua viti, seti mbili za kutazamia picha, zulia la studio, na kamera moja. Kamera ya pili Mukalay aliiokoa kwa kuitumbukiza kwenye pipa tupu la maji na kulikalia, akijifanya mgonjwa wa tumbo. Bilonda alicheka alipohadithiwa. Ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka ndani ya jengo lile.

Walibaki na kamera moja na kanda kumi na moja. Kanda mpya hazikuja tena. Ili kurekodi kipindi kipya ilibidi kufuta cha zamani, na Mukalay, asiyependa kuamua peke yake, alimjia Bilonda kila mara na kanda mbili mikononi.

"Mama, tufute gani? Hii ya batoto ao hii ya mpira?"

"Mi sijue, Mukalay. Uchague weye."

"Nikichagua miye, nitakosa usingizi."

Basi Bilonda alichagua. Walianza na mapishi, wakafuta mpira, wakafuta kwaya za pande zote mbili kwa haki. Saa nne za matangazo zikawa mbili, kisha saa moja na nusu. Matangazo ya Familia ndiyo hayakupungua. Yaliongezeka, kwa kuwa watu walikuwa wanakufa kwa wingi.

Halafu ikaja siasa. Mkoa wa Katanga wakati ule uliitwa Shaba, nchi ikiitwa Zaire, na maneno yalianza juu, kwenye mikutano, kabla ya kushuka sokoni: kwamba watu wa Kasai wamejaza kazi zote, kwamba wenyeji wanakufa njaa kwa sababu yao. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Likasi ndiyo ilitangulia. Mwaka 1992 watu wa Kasai wa kule walitolewa manyumbani wakalala miezi kwenye kituo cha treni. Watu wa Kolwezi walisema kwetu haitafika. Bilonda naye alisema hivyo, na alipokuwa anasema alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa haiamini.

Ilifika. Mwezi wa tatu mwaka 1993 Kankolongo alikwenda kazini akamkuta mtu mwingine amesimama kwenye mashine yake, mtu ambaye hata kuiwasha hakujua. Hakuna aliyemfafanulia. Akarudi nyumbani saa nne asubuhi na chakula chake kikiwa bado kimefungwa kwenye kitambaa, akakaa barazani, akakila pale pale kimya kimya, kama mtu aliyefika mwisho wa zamu.

Wiki ile nyumba zikaanza kuchomwa. Vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani walipita barabara kwa barabara. Bilonda aliendelea kwenda kituoni kwa sababu hakujua afanye nini kingine na miguu yake. Joyeuse, binti aliyepokea wageni mlangoni, aliyekuwa akimwita mama mdogo, sasa aliinama kutafuta kitu chini ya meza kila Bilonda alipopita.

Siku ya Jumanne mkurugenzi alimwita ofisini. Aliitwa Stany, mwenyeji, mtu mwenye adabu na tumbo la wasiwasi, ambaye miaka yote alikuwa anameza vidonge vya kiungulia kabla ya kila mkutano.

"Ikala, mama," alisema, akimwonyesha kiti. "Kuko tangazo moja."

Akasukuma karatasi. Haikuwa na kichwa, wala muhuri, wala jina la aliyeiandika. Ilisema kwamba watu wote wenye asili ya Kasai wanaombwa, kwa usalama wao, kutoka manyumbani mwao na kukusanyika kwenye kituo cha treni na katika shule mbili zilizotajwa, wakisubiri usafiri. Kila mtu achukue kile anachoweza kubeba.

Bilonda aliisoma mara mbili. Alikuta kosa moja la herufi, akalirekebisha kwa kalamu kabla hajajua anafanya nini.

"Nani aliitia sahihi?"

"Hakuna mutu. Ilitoka juu."

"Sababu gani mi? Joyeuse eko na midomo. Asome yeye."

Stany alifuta uso kwa kiganja. "Mama, nisikilize. Akisoma mwingine, batu benu batasema ni siasa, batabakia mu manyumba. Na bale bijana bataingia na mapanga. Unajua bilipita namna gani kule Likasi. Weye ukisoma, batatoka pole pole, na batoto babo. Batu banakuamini. Hii itaokoa batu, mama. Kweli ya Mungu."

"Na mi? Mi niko ndani ya hii karatasi?"

Stany alitazama dirishani.

"Unanipa nisome kufukuzwa kwangu, tata Stany."

"Mi pia walinipa tu," alisema kwa sauti ndogo.

Bilonda alishindwa kumsoma. Huenda mtu yule aliamini alichosema. Huenda alikuwa anaogopa tu. Bilonda alimwomba muda mpaka saa tisa, akatembea kwenda nyumbani na ile karatasi mkononi. Njiani, karibu na soko, alimkuta mwanamke anakimbia mguu mmoja una kiatu, anaita jina la mtoto. Watoto walikuwa shuleni vijana walipofika mtaani mwao. Kila mmoja alikimbilia kwake, na sasa mama hajui nani yuko wapi. Bilonda aliandika jina la mtoto kwenye ukingo wa ile karatasi ya Stany, bila kufikiri. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameandika majina manne.

Kankolongo alikuwa anafunga godoro kwa waya. Akamsikiliza mkewe mpaka mwisho, akavuta waya, akaukata kwa koleo.

"Ukisoma, tutaenda. Usiposoma, tutaenda," alisema. "Mi nachoka kubishana na batu benye hawaniulize kitu."

"Lakini bakiniuliza kesho sababu gani nilisoma?"

"Nani atauliza? Watakuwa mu treni pamoja na weye."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, naye Bilonda alikuwa amechoka, na kati yao hapakuwa na mtu wa kumtia mwenzake nguvu. Elise, mwenye miaka kumi, alikuwa anachagua madaftari ya kubeba, anatoa moja, anarudisha moja.

Saa tisa Bilonda alirudi kituoni akamwambia Stany: "Nitasoma mara moja. Lakini nipe dakika kumi kila siku, Matangazo ikiisha. Nitasoma majina ya batu benye banatafuta batoto babo. Batoto bengi beko mu manyumba ya batu ba hapa, bamefichwa. Bale batu beko na televisheni. Batasikia."

Stany alitazama saa yake. "Mi natokaka saa kumi na mbili na dakika arobaini," alisema. "Kile kinapita nyuma, sikione."

Siku ile alisoma. Mukalay alikuwa nyuma ya kamera. Taa ya studio ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye fimbo ya ufagio. Bilonda alisoma vifo kumi na viwili, kisha akachukua ile karatasi. Aliisoma kama alivyosoma kila kitu kwa miaka tisa, polepole, kila neno mahali pake, na alipofika kwenye "kile anachoweza kubeba" alisikia Mukalay akivuta pumzi kwa pua kama mtu aliyekatwa. Hakusimama. Baada ya hapo akasema: "Sasa watu wanaotafutana." Akasoma majina manne. Mtoto wa kike wa miaka mitano, ana kovu kidevuni, ameonekana mara ya mwisho karibu na soko. Mama yake yuko kwenye kituo cha treni, upande wa bohari.

Kesho yake asubuhi Mukalay alichukua baiskeli na daftari, akaenda kituo cha treni na kwenye zile shule. Alirudi na majina sitini. Siku iliyofuata tisini. Dakika kumi zikawa ishirini, kisha thelathini. Bilonda na familia yake walilala bado nyumbani, godoro likiwa limefungwa tayari, ili dakika hizo zisipotee. Walifuta kipindi cha usalama kazini, wala hakuna aliyelalamika. Na watu wa mitaa ya Kasulo na Dilala, wenyeji ambao mchana hawakuthubutu kusema neno, waliwaleta watoto mmoja mmoja jioni, wamewafunika kanga, wanawaacha karibu na reli na kuondoka haraka bila kutaja majina yao. Mukalay aliweka alama kwenye daftari kila familia ilipokutana. Kufikia siku ya nane alama zilikuwa ishirini na tatu. Majina yasiyo na alama yalikuwa mia nne na zaidi, na hayo ndiyo Bilonda aliyaona akifumba macho.

Siku ya tisa, saa kumi na moja, wanaume watano waliingia studio. Mmoja wao Bilonda alimfundisha kusoma.

"Nani alipatia kilulu mikro?" aliuliza mkubwa wao, akikinyooshea kipaza sauti panga lake.

Stany alisimama mlangoni mwa ofisi yake, mkono tumboni. Ni Mukalay aliyejibu, huku anaendelea kukunja waya:

"Eko nasoma majina ya batoto tu. Iko na ubaya gani?"

Walimpiga mdomoni kwa mpini wa panga. Alikaa chini taratibu, akatema jino mkononi, akalitazama. Yule aliyekuwa mwanafunzi wa Bilonda alitazama ukuta. Kisha akasema, kwa Kifaransa safi cha shule, kwamba madamu anaombwa kuondoka.

Bilonda alichukua daftari la majina kutoka kwenye stuli ya Mukalay, akaliweka ndani ya kitenge. Mlangoni Joyeuse alimletea mkoba wake, akampa kwa mikono miwili. Saa kumi na mbili na nusu jioni ile, watu waliowasha televisheni waliona kichuguu kilichopigwa picha siku nyingi zilizopita, na muziki juu yake.

Kankolongo alikwisha kupata mkokoteni. Walipakia godoro, sufuria, kisanduku cha vyombo vyake vya ufundi, madaftari ya Elise. Walipoondoka jirani mmoja alikuwa amesimama uani kwake, amewapa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mwingine alikwisha kuingia barazani kwao kupima mlango.

Kwenye kituo cha treni kulikuwa na maelfu ya watu chini ya mvua ya mwezi wa tatu. Walijenga vibanda kwa mashuka, mabati, meza zilizopinduliwa. Familia ya Bilonda ilipata nafasi karibu na ukuta wa bohari, na hawakuwa wamemaliza kufunga shuka pale mwanamke mmoja wa makamo aliposimama mbele yao. Jina lake lilikuwa Mama Ngeleka. Nyuma yake, juu ya gunia, alikaa mumewe, mzee Badibanga, mchimbaji mstaafu, kifua kikipiga filimbi kila akivuta hewa.

"Ni weye," alisema yule mama. "Mama Matangazo."

"Ni mi, mama."

"Jirani yetu ni mwenyeji, mutu ya kabila ya Balunda ya Sandoa. Alituambia: bakieni, nitabaficha mu nyumba yangu mpaka hii mambo ipite. Tulikubali. Jioni bwana yangu akakuona ku televisheni. Akasema, huyu mwanamuke hadanganyake, kama anasema tutoke, tutoke. Muone sasa. Muone kifua yake na hii mvua."

Kankolongo alitaka kusema kitu. Bilonda alimshika mkono.

"Nilisoma," alisema. "Ni kweli, mama. Nilisoma."

Mama Ngeleka alingoja zaidi, na zaidi haikuja. Akarudi kwenye gunia lake. Kwa wiki tatu walikaa hatua kumi kutoka kwao, wakishiriki bomba moja la maji, na hakumsalimu.

Bilonda aliendelea na daftari. Hakukuwa na kamera, basi alipita kibanda kwa kibanda akisoma majina kwa sauti yake ya kawaida, na pengine mtu aliinua mkono. Lakini walioinua mikono walikuwa wachache, na sauti ilianza kukatika. Surua iliingia kambini. Kila asubuhi watu wenye majembe walielekea nyuma ya bohari. Mukalay alikuja kila siku ya pili na unga wa muhogo chini ya koti, mdomo umevimba, anaongea kwa upande mmoja. Alimwambia kwamba kituo sasa kinapiga muziki tu, na kwamba Stany amelazwa kwa tumbo. Kisha siku zikapita bila yeye, akaja mkewe, Mbayo, na unga ule ule.

"Hatakuja tena, mama," alisema Mbayo. "Haina kusema hataki. Kuko batu banakaa mbele ya mulango yetu. Jana alivaa viatu mara mbili, akavua mara mbili."

"Umwambie atulie nyumbani."

"Nilimwambia. Analia tu."

Wanawake wawili walisimama wakishikana mikono.

Treni ilikuja Jumapili: mabehewa ya mizigo, mengine hayana paa. Watu walipanda juu ya watu. Kankolongo alimrusha Elise ndani, kisha kisanduku cha vyombo, kisha akamsukuma mkewe kwa bega. Behewa lilipoanza kutembea Bilonda aliona kwamba waliobanana naye goti kwa goti ni Mama Ngeleka na mzee Badibanga. Hakukuwa na pa kuhamia.

Mji ulirudi nyuma taratibu: marundo ya udongo wa mgodi, mabomba, nyumba za kampuni zenye rangi moja. Wengine waliimba, wengine walilaani. Bilonda alilala ameketi. Alikuwa na usingizi wa wiki nyingi ndani yake, na kila treni iliposimama porini, na ilisimama saa nyingi, yeye hakuamka.

Siku ya nne, walipokwisha kupita Bukama, filimbi ya kifua cha mzee Badibanga ilinyamaza. Ilikuwa mchana, jua kali. Mama Ngeleka alimfunga kidevu kwa kilemba chake mwenyewe. Hakupiga kelele. Alikaa na kichwa cha mumewe mapajani kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Bilonda, mara ya kwanza tangu kituoni.

"Alitumika miaka makumi tatu na moja chini ya udongo," alisema. "Hawezi kwenda hivi, kama kuku. Umutangaze."

"Mama, hakuna televisheni hapa. Hata sauti yangu imekwisha."

"Umutangaze na ile imebakia."

Bilonda alisimama, ameshika ukuta wa chuma uliokuwa moto. Watu walimwona wakaanza kunyamazishana, behewa zima, hata watoto. Alikohoa. Akasema kwamba familia ya Badibanga inasikitika kuwatangazia ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake kifo cha mpendwa wao, mchimbaji mstaafu, mume wa Mama Ngeleka, baba wa watoto saba. Kisha akafika pale ambapo kila tangazo hutaja mahali pa kilio, barabara na nambari ya nyumba, ili watu wajue pa kwenda kukaa na wafiwa. Miaka tisa hakuwahi kukwama hapo. Akatazama chini, akaona miguu ya watu, masufuria, uso wa mumewe.

"Kilio kiko hapa," alisema. "Mahali mlipokaa."

Mwanaume mmoja pembeni alivua kofia. Wanawake wakaanza kulia, kilio chenyewe, kile cha kupokezana, na hapo ndipo Mama Ngeleka naye alipolia. Bilonda alikaa chini. Mama Ngeleka hakumwambia ahsante wala samahani. Alimwegemea tu bega, kwa kuwa alihitaji pa kuegemea. Jioni treni iliposimama, Kankolongo na wanaume wengine walichimba kando ya reli kwa haraka, wakitumia nyundo na patasi za kile kisanduku kulegeza udongo mgumu. Honi ikapigwa kabla hawajamaliza kusawazisha. Walikimbia.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai, watu waliwapokea kwa uji na kwa Kiluba. Bilonda alijibu kwa Kiswahili, na kijana aliyegawa uji akamwambia mwenzake, bila kujua kwamba anaelewa, kwamba hawa Wakatanga wamekuja wengi mno. Kankolongo, aliyesikia pia, alicheka kidogo puani, akapokea kikombe chake.

Waliishi chini ya turubai mwaka mzima, kisha katika chumba cha matofali mabichi. Kankolongo alitengeneza baiskeli na mashine za kusagia. Elise alijifunza Kiluba kwa miezi mitatu na kuanza kuwasahihisha wazazi wake. Wiki za mwanzo Bilonda alipeleka lile daftari kwa masista waliokuwa wanaandikisha wakimbizi, na wakapatikana watu kumi na wanne zaidi. Wengine hawakupatikana. Masista walimwomba abaki, awe anasoma majina kwenye kipaza sauti kila asubuhi. Alikataa. Baadaye parokia ilipoanzisha redio ndogo, padri mwenyewe alikuja na kiti akakaa mbele yake.

"Mama, kila mutu anasema weye uko na sauti."

"Nilikuwa nayo, tata padri. Mutafute mutu mwingine, kijana. Nitamufundisha kama munataka. Lakini mi sitasoma."

Padri alirudi mara tatu, kisha akaelewa.

Barua ya Mukalay ilimfikia mwaka 1995, imepita mikono mingi, pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Ilikuwa jioni, kabla ya giza; Kankolongo alikuwa anaziba pancha mlangoni, na Mama Ngeleka, aliyeishi chumba cha tatu kutoka kwao, alikuwa amekuja kuomba chumvi na kukaa. Bilonda aligeuza bahasha, akampa Elise.

"Soma weye."

Elise alisoma, akikwama kwenye mwandiko. Mukalay aliandika kwamba Tele-Kyulu ilizimwa mwaka uliopita, baada ya kifaa cha kurushia matangazo kuungua, na hakuna aliyekuja kukitengeneza. Nyumba ya kituo wamepewa watu wanne, wamegawana vyumba kwa mapazia. Stany amehamia kwa mwanawe. Yeye Mukalay na Mbayo wamekwenda Sandoa kulima muhogo, na ardhi ni nzuri, lakini mgongo haujazoea. Aliandika kwamba amepata mtoto wa kike. Aliandika kwamba akipita Kolwezi watu humsimamisha njiani kumwuliza mama yuko wapi, na yeye huwajibu yuko mzima, ingawa hakuwa na hakika.

"Imeisha?" aliuliza Kankolongo, bila kuinua kichwa.

"Kuna mstari mmoja pembeni," alisema Elise, akaugeuza ukurasa. "Anauliza kama tutarudi."

Mama Ngeleka aliangalia chumvi kiganjani mwake. Kankolongo aliingiza mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji, akatazama kama kuna povu.

"Kesho utamwandikia kwamba tumeipata barua," Bilonda alimwambia binti yake. "Na umuulize jina ya mutoto. Ile ya kurudi, uiache kwanza."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akajinyoosha kitandani na viatu vyake miguuni.